Mkono Juu ya Tumbo: Namna ya Kukanda Bila Kuumiza

Mtu akiumwa tumbo Bariadi, Itilima au Maswa, mara nyingi hufika zahanati akiwa ameshaguswa. Mama amempaka mafuta, bibi amemchua chini ya kitovu, na jirani anayesifika kwa kuchua ameitwa usiku. Huduma hiyo hutolewa kwa upendo, na mara nyingi inasaidia kweli: gesi inatoka, choo kinapatikana, maumivu ya hedhi yanapoa, aliyekuwa anajikunja analala. Mwongozo huu haukukatazi kukanda. Unakutaka ujue mkono unafanya kazi gani tumboni, na ni tumbo lipi lisiguswe kabisa. Hilo la pili lina uzito zaidi mkoani Simiyu kuliko sehemu nyingi za nchi, na sababu zake utaziona hapa chini.

Kwa nini mkono hutuliza

Ukijikata kidole unajua papo hapo ni kidole kipi. Utumbo ukijaa gesi au kizazi kikibana, hujui hasa panapouma. Unasema tu "tumbo". Neva za viungo vya ndani huingia kwenye uti wa mgongo pamoja na neva za ngozi na misuli, na ubongo huzichanganya. Ndiyo maana nyongo ikiwa na shida bega la kulia linaweza kuuma, jiwe la figo huuma mpaka kinenani, na bandama ikivuja damu maumivu hupanda bega la kushoto. Misuli ya ukuta wa tumbo nayo hujikaza ili kulinda kilichomo ndani. Kukaza kukidumu, huzaa maumivu yake yenyewe, na pumzi huwa fupi.

Mguso wa taratibu na joto hulegeza misuli hiyo na kutuliza neva. Kwa utumbo mpana, mkono unaofuata njia ya choo husaidia kukisogeza. Tafiti za watu wenye choo kigumu zimeonyesha kuwa kukanda tumbo kila siku kwa wiki kadhaa huwapa baadhi yao nafuu. Joto la kukanda wakati wa hedhi nalo limejaribiwa na kuonekana linatuliza vizuri.

Ufaransa, tangu miaka ya 1970 na 1980, mtaalamu wa osteopathia Jean-Pierre Barral amefundisha tiba ya mikono ya viungo vya ndani, akieleza kuwa ini, tumbo na figo hutembea kwa kufuata pumzi na kwamba kiungo kilichokwama huweza kulegezwa kwa vidole. Ushahidi wa tiba hiyo bado ni mdogo na matokeo ya tafiti yanapingana. Lakini kuna jambo moja la kuchukua kwake, nalo ni wepesi wa mkono. Huku kwetu mchuaji husifiwa kwa mkono mzito, na mgonjwa huamini kuwa asipolia hajachuliwa. Imani hiyo ndiyo inayoumiza watu.

Kuna mambo ambayo mkono hauwezi kuyafanya, hata ukiwa wa nani. Hauyeyushi uvimbe. Hauui minyoo wala kichocho. Hauponyi vidonda vya tumbo. Haurudishi kizazi kinachosemekana kimegeuka. Na haushushi bandama.

Bandama: sababu ya kuwa mwangalifu Simiyu

Bandama hukaa upande wa kushoto, imefichwa chini ya mbavu. Kwa mtu mzima mwenye afya huwezi kuigusa hata ukitaka. Ukiisikia chini ya mkono, imekua, na katika mkoa huu kuna magonjwa matatu yanayoikuza kwa urahisi.

La kwanza ni malaria ya mara kwa mara, hasa kwa watoto. La pili ni kichocho cha tumbo, ambacho huwapata zaidi watu wa Busega wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria: wavuvi, kina mama wanaofua, watoto wanaoogelea. Mayai ya kichocho hukwama kwenye ini na kuacha makovu. Mishipa inayopeleka damu kwenye ini hubanwa, damu hurudi nyuma, bandama hujaa na tumbo huvimba. Mgonjwa anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kujua, kisha siku moja akatapika damu. La tatu ni sikoseli. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye wagonjwa wengi wa sikoseli, na kwa mtoto mdogo mwenye ugonjwa huo damu huweza kunaswa ghafla kwenye bandama. Ndani ya saa chache bandama inavimba, mtoto anapauka midomo na viganja, anakosa nguvu. Anahitaji kuongezewa damu hospitali siku hiyohiyo.

Bandama iliyovimba imejaa damu na ngozi yake ni nyembamba. Ukiiminya inaweza kupasuka, na damu ikamwagika tumboni bila hata tone moja kuonekana nje. Kuichanja kwa wembe, kama wanavyofanyiwa watoto wengi, hakuipunguzi hata kidogo; kunaleta pepopunda, usaha na hatari ya VVU.

Mbali na ziwa, kwenye malambo, madimbwi na mito ya msimu, kuna kichocho cha mkojo. Dalili yake inayojulikana ni damu mwishoni mwa mkojo. Isiyojulikana sana ni ile ya wanawake: mayai hukaa kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta maumivu chini ya kitovu, uchafu, na damu baada ya tendo la ndoa. Wapo wanaotibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, nne, bila nafuu. Wapo wanaoambiwa ni chango na kuchuliwa miezi mizima. Ikiwa umekulia kwenye lambo au ziwani na una maumivu ya namna hiyo, mwambie mhudumu wa afya moja kwa moja: "Naomba nipimwe kichocho." Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito au urefu wa mgonjwa na humezwa baada ya kula.

KISANDUKU 1: Pima kwanza bandama kabla ya kukanda

1. Mgonjwa alale chali, magoti yakunjwe, mikono ubavuni.
2. Weka vidole vinne vikiwa bapa, visichome, chini upande wa kulia wa tumbo. Anzia huko, kwa sababu bandama kubwa sana hukua ikivuka kitovu kuelekea kulia, na ukianzia kwenye mbavu unaweza kuiruka.
3. Mwambie avute pumzi ndefu. Vidole vitulie, vingoje.
4. Sogea kidogokidogo kuelekea mbavu za kushoto, kila pumzi hatua moja.
5. Ukisikia kitu kigumu chenye ukingo kinashuka kukutana na vidole wakati wa kuvuta pumzi, ondoa mkono. Kazi yako imeisha. Sasa ni hospitali.

Mzazi wa mtoto mwenye sikoseli, mwombe muuguzi wa kliniki akufundishe hatua hizi kwa mikono yake, ili kila mtoto akipata homa au akilegea ujue kama bandama imekua.

Tumbo lisiloguswa

Usikande, usichue, usipake dawa ya kuchoma. Peleka kituo cha afya ukiona lolote kati ya haya:

- Tumbo limekaza kama ubao, au linauma zaidi unapoachia mkono kuliko unapobonyeza.
- Homa pamoja na maumivu ya tumbo. Homa ya matumbo huweza kutoboa utumbo, na utumbo uliodhoofika haupaswi kusukumwa na mtu yeyote.
- Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia. Huenda ni kidole tumbo, na kukikanda kunaweza kukipasua.
- Tumbo limevimba, mgonjwa hapati choo wala hewa, na anatapika.
- Damu kwenye matapishi, choo cheusi kama lami au chenye damu.
- Uvimbe wowote unaodunda, au uvimbe wa kinenani uliokuwa ukirudi ndani na sasa hautaki kurudi. Watu wengi huuita mshipa na kuusukuma kwa nguvu. Usiusukume.
- Mwanamke ambaye hedhi imechelewa, anaumwa upande mmoja chini ya kitovu, na ana kizunguzungu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huua kwa haraka.
- Mtu aliyeanguka na baiskeli au pikipiki, au aliyepigwa teke na ng'ombe, hata kama anasema yuko sawa.
- Macho ya manjano, au kukonda bila sababu.
- Mtu wa makamo au mzee anayeumwa chembe ghafla huku akitoka jasho na kukosa pumzi. Huenda ni moyo.
- Mjamzito. Habari zake ziko chini.

Usimpe mgonjwa wa aina hii diklofenaki ya dukani ili "asikilizie" mpaka asubuhi. Dawa hiyo huchochea vidonda vya tumbo kutoa damu.

Kukanda tumbo lenye choo kigumu na gesi

Hili ndilo tumbo ambalo mkono unalifaa zaidi. Mgonjwa amepita orodha ya hapo juu bila dalili hata moja, na bandama haijasikika. Ngoja saa mbili baada ya kula. Aende haja ndogo kwanza. Kata kucha, nawa, pasha viganja joto kwa kuvisugua. Mafuta yawe ya kawaida: alizeti, nazi, au ya pamba, ambayo katika mkoa unaoongoza nchini kwa kulima pamba hayana sababu ya kukosekana. Usitumie dawa za kuchua misuli zenye kuwasha; ngozi ya tumbo haizihitaji, na joto lake hukuzuia kujua kama kweli kuna nafuu.

1. Mgonjwa alale chali kwenye mkeka au godoro, mto chini ya magoti. Piga magoti ubavuni pake upande wa kulia.
2. Weka kiganja kizima juu ya kitovu, usikisogeze. Hesabu pumzi tano zake. Mkono upande na kushuka na tumbo. Watu wengi huiruka hatua hii, lakini hapa ndipo misuli hulegea yenyewe.
3. Anzia chini kulia, karibu na mfupa wa nyonga. Kwa kiganja bapa, panda taratibu hadi chini ya mbavu za kulia, vuka juu ya kitovu kwenda kushoto, kisha shuka hadi nyonga ya kushoto. Hiyo ndiyo njia ya utumbo mpana. Usirudi kinyume.
4. Uzito wa mkono: ngozi na mafuta yaliyo chini yake visogee, lakini mgonjwa aendelee kuzungumza nawe bila kukatisha sentensi. Akinyamaza, akikunja uso au akishika pumzi, umezidisha.
5. Zungusha hivyo dakika 10. Kisha rudi upande wa kushoto peke yake, vidole bapa, kutoka chini ya mbavu kwenda nyonga, mara kadhaa. Choo kigumu hukaa hapo zaidi.
6. Malizia kama ulivyoanza, kiganja kimetulia.
7. Mgonjwa anywe maji, atembee kidogo, kisha ajaribu kwenda choo. Miguu ikiwa imekunjwa kama kwenye choo cha kuchuchumaa, njia hunyooka zaidi.

Rudia kila siku kwa muda uleule, asubuhi ikiwezekana, na upe wiki mbili au tatu kabla ya kuamua kama inafaa. Mtu anaweza kujifanyia mwenyewe kitandani. Lakini asiyekunywa maji na anayekula ugali wa sembe mchana na usiku bila mboga hatapona kwa mkono wa mtu. Mlenda, mboga za majani, maharage, ugali wa mtama na matobolwa viko nyumbani kwetu na vina nyuzinyuzi za kutosha. Mtu mzima ambaye choo chake kimebadilika ghafla na kubaki hivyo wiki kadhaa apimwe.

Maumivu ya hedhi

Kwa hedhi, joto lina nguvu kuliko kuchua. Lowesha taulo kwenye maji ya moto, likamue, lijaribu kwanza kwa ndani ya kifundo cha mkono wako, kisha liweke chini ya kitovu dakika 15 hadi 20, ukilibadilisha likipoa. Mgonjwa alale ubavu na apakwe mafuta kiunoni, kwa viganja, kutoka uti wa mgongo kwenda pembeni. Usibonyeze chini ya kitovu kwa ngumi wala kiwiko, na asikubali yeyote anayesema atanyanyua kizazi. Msichana anayekosa shule kila mwezi kwa maumivu, au ambaye maumivu yanaongezeka mwaka hadi mwaka, ana haki ya kuonwa na daktari na si kuambiwa "utazaa yataisha".

Mkazo wa chembe na mbavu

Wakati wa palizi ya pamba mtu anainama toka alfajiri. Jioni chembe kimekaza, mgongo unauma, pumzi haishuki. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kimelalia ini na tumbo. Kila unapovuta pumzi ndefu kinavisukuma chini sentimita chache, na unapotoa vinarudi. Pumzi yenyewe inakanda viungo vyako kuliko mkono wowote utakavyoweza.

Lala chali, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi puani mpaka mkono wa chini unyanyuke huku wa juu umetulia. Toa polepole mdomoni, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Endelea dakika tano, usiku kabla ya kulala. Kisha pitisha vidole bapa kwenye ukingo wa mbavu, kutoka katikati kwenda ubavuni, juu ya mfupa na si chini yake. Kama chembe kinaungua ukiwa na njaa au baada ya kula, hiyo si kazi ya pumzi; omba kupimwa vidonda vya tumbo.

Mtoto mchanga

Kitovu kiwe kimekauka na kudondoka. Mtoto asiwe ametoka kunyonya sasa hivi. Tumia vidole viwili tu, mzunguko uleule wa kulia kwenda kushoto, kwa uzito ambao ungeweza kugusa jicho lako lililofumbwa. Kunja magoti yake taratibu kuelekea tumboni, yanyooshe, rudia. Dakika tatu zinatosha.

Usimguse tumbo mtoto anayetapika kijani, anayekataa kunyonya, aliyevimba tumbo, au anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu kisha kutulia, hasa choo kikiwa na damu na ute. Utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani ya utumbo. Huyo ni wa hospitali usiku huohuo.

Mjamzito na mzazi

Usikande tumbo la mjamzito, wala usimruhusu mtu "amgeuze mtoto". Kondo linaweza kuachia, mama akavuja damu ndani na mtoto akafa kabla ya kufika popote. Kumkanda kiuno na mgongo kwa viganja akiwa amelala ubavu wa kushoto ni sawa.

Baada ya kujifungua, maji ya moto tumboni na ukeni yamewaunguza wazazi wengi. Maji ya vuguvugu ya kuoga yanatosha. Kuna hali moja tu katika mwongozo huu ambapo mkono unatakiwa kuwa na nguvu: mama ametoka kujifungua, kondo limetoka, na damu inamwagika kiasi kwamba kitambaa kinalowa ndani ya dakika chache. Sugua kizazi chini ya kitovu kwa mzunguko mpaka kiwe kigumu, kama wakunga wa hospitali wafanyavyo, mtoto anyonyeshwe, mama akojoe, na usafiri uitwe wakati huohuo. Namba 115 ya m-mama ni ya bure na ni kwa dharura za wajawazito, wazazi na watoto wachanga.

KISANDUKU 2: Ukimwita mchuaji

☐ Ameuliza kuhusu homa, hedhi, ujauzito, choo na damu kabla ya kugusa?
☐ Amenawa?
☐ Anaacha ukisema "inauma"?
☐ Hana wembe?
☐ Anakubali kusema "hili si langu, nenda hospitali"?
☐ Ana cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 2002? Kama hajui namna ya kujisajili, mratibu wa tiba asili wa halmashauri atamwelekeza.

La tatu likiwa hapana, amka uvae.

Pa kwenda

Zahanati ya kijiji inaweza kupima malaria, na kukuandikia rufaa. Kwa ultrasaundi na upasuaji kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, Nyaumata, hapo Bariadi. Yanayoishinda huenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako pia kuna idara ya fiziotherapia kwa maumivu ya misuli na nyonga yasiyoisha. Ushauri wa simu wa Wizara ya Afya ni namba 199, bure.

Na wewe unayechua watu, ambaye mlango wako hugongwa kabla ya mlango wa zahanati: wewe ndiye wa kwanza kuikuta bandama iliyokua. Watoto wa shule hupewa prazikwanteli kwenye kampeni, lakini mvuvi wa Lamadi, mama anayelima mpunga majini na kijana anayenywesha ng'ombe lamboni hawamo kwenye foleni hiyo. Waambie waende wakaombe kupimwa, na uwaambie kabla hujafungua chupa ya mafuta.